Koo la Mwalimu Kuwabara

Nilirudi kushika upanga wa mianzi nikiwa na miaka arobaini na sita, na sikurudi kwa ajili ya afya. Nilirudi kwa ajili ya koo la Mwalimu Kuwabara.

Binti yangu Chinatsu alikuwa na miaka kumi na tatu, mwanafunzi wake wa mchezo huo wa upanga. Kuchoma koo kwa ncha ya upanga ni pigo la watu wazima. Watoto wa umri ule hawachomi wala hawachomwi, na hakuna mwalimu asiyelijua hilo. Siku moja Chinatsu aliuliza kwa nini wasichana wapige deki ukumbi huku wavulana wamekaa. Kuwabara akavaa kofia yake ya wavu wa chuma, akamwita katikati, akamchoma. Mara ya tatu ncha iliteleza ikapita chini ya kinga ya koo. Chinatsu alilazwa siku tisa. Sauti ilirudi nusu. Ukimsikia kwenye simu utadhani ni mzee mwenye mafua.

Viongozi wa chama cha upanga walikuja nyumbani na boksi la keki za maharage wakasema ni ajali. Kuwabara hakuja. Niliwauliza watu wazima wanne waliokuwepo ukumbini, na kila mmoja akaniambia hakuona, alikuwa anafunga kamba za kinga zake.

Basi. Nilikuwa na daraja la nne la upanga tangu chuoni, niliacha nilipoolewa. Nikatundika mpira wa tenisi kwenye fito ya kuanikia nguo, nikawa nauchoma mara mia tatu kila alfajiri kabla ya kwenda kupika wali wa watoto mia nne shuleni. Jirani yangu, Bi. Ukai, aliniuliza mpira ule umenikosea nini. Nikamwambia unafanana na mtu.

Jioni nilikwenda mji wa pili kwa Mwalimu Sonoda, bibi wa miaka sabini na minane ambaye hakuwahi kunisifu. Siku moja alivua kofia yake katikati ya zoezi.

"Mama Chinatsu, mchomo wako ni mzuri, ila unanuka."

Nikamuuliza unanuka nini.

"Unanuka mwanamume. Mimi nimesimama hapa, wewe unamchoma mtu mwingine."

Aliniambia niutue huo mzigo nje pamoja na viatu, kwani upanga unataka moyo mtupu. Nikaitikia, nikainama, nikarudi nao kesho yake.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kwenye mashindano ya wilaya watu wa daraja la nne na kuendelea ni wachache, kwa hiyo wanawake na wanaume hupangwa pamoja. Raundi ya pili nikapangwa na Kuwabara. Alinikuta koridoni.

"Aa, Mama Chinatsu. Umefanya vizuri kurudi, umri huu mwili unataka jasho. Binti hajambo?"

Nikamwambia yuko jukwaani, atamwona.

Alinipiga kifundo cha mkono dakika ya kwanza. Pigo safi, pointi yake, sina la kusema. Baada ya hapo akaanza kucheza nami, akinisogeza, akiniachia nafasi na kuifunga. Zikiwa zimebaki sekunde chache aliinua mikono amalize kwa pigo la kichwa, na koo likawa wazi mbele yangu. Sikufikiri. Nilichoma. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa chini kwa makalio kama mtoto, na bendera nyeupe za waamuzi, rangi ya upande wangu, zikapanda zote tatu.

Nikamwinamia na kumwambia, "Umeona? Ndivyo inavyouma."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye upanga wetu pointi haiishii kwenye pigo. Ukishampiga mtu unabaki naye, kimya, macho kwake, kwa sababu zamani pale chini pangekuwa na maiti, na mbele ya maiti hakuna kushangilia. Anayefurahi hufutiwa. Waamuzi waliitana katikati, wakanong'ona, wakapunga bendera chini. Pointi ikafutwa. Muda ukaisha. Nikashindwa moja bila.

Lakini baada ya pambano mdogo humwendea mkubwa, hupiga magoti, humshukuru na kuomba afundishwe. Nilimwendea jasho likiwa bado linanitiririka. Ukumbi wote ulikuwa unatutazama, na mkuu wa chama alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu. Nikaweka paji la uso sakafuni.

"Asante kwa kunifundisha, Mwalimu. Naomba unieleze kosa langu."

Alikohoa kwanza. Sauti ilipotoka ilikuwa inakwaruza, kama ile ninayoisikia nyumbani kila siku.

"Pigo lilikuwa sahihi. Ulifurahi, ndiyo maana limefutwa."

"Na wewe siku ile, Mwalimu, ulifurahi?"

Sikuinua paji. Mtu akikuinamia hivyo huwezi kusimama ukamwacha, hata ungekuwa nani, na Kuwabara ameishi maisha yake yote kwa adabu hizo. Magoti yaliniuma. Nikasikia pambano lililofuata likiitwa, na hakuna aliyeingia uwanjani.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Nilifurahi."

Mkuu wa chama alisikia. Jumatatu Kuwabara aliondolewa kwenye kufundisha watoto, na wale wanne wa kamba ghafla wakakumbuka walichokiona. Ila siku ile niliinuka tu, nikakusanya vyombo vyangu, nikatoka. Sikumsamehe, naye hakuniomba.

Chinatsu alikuwa ameshatangulia kwenye gari. Aliuliza Mwalimu alisema nini, nikamweleza neno kwa neno.

"Na wewe, Mama? Ulifurahi?"

"Mimi bado nafurahi."

Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafunga mkanda, akaniambia niwashe gari, ana njaa.