Mnunuzi Kutoka Kisongo

Tangu asubuhi Tekla alikuwa amemwomba mumewe jambo moja tu: mgeni akija, atembezwe, aone vyumba, ataje bei. Mengine ayaache. Lakini kumwomba Abdiel aache mengine ni kujichosha bure.

Nyumba yao ya Njiro iliwekwa rehani benki ili Abdiel apanue duka lake la vifaa vya ujenzi. Duka likafa, deni likabaki. Muda wa notisi ulishapita, na mnada ulikuwa wiki ijayo. Wakili waliyemwendea hakuwazungusha.

"Kabla nyumba haijauzwa, mna haki ya kulipa deni lote na kurudishiwa hati yenu. Hela hamna. Basi tafuteni mnunuzi wenyewe, benki imekubali. Akitoa bei ya sokoni, deni litaisha na nyie mtabaki na cha kuanzia. Mkisubiri mnada, shauri yenu."

Abdiel alielewa vizuri kabisa, ila alitaka nyumba iuzwe bila mtu yeyote kujua kwamba inauzwa. Bango hapana, dalali wa mtaani hapana. Watasemaje kanisani? Watasemaje kwao Machame wakienda Krismasi? Kilichomchoma Tekla zaidi ni kwamba siku ya kukopa, benki ilitaka na yeye mke aridhie, akasaini. Leo ya kuiokoa, hati ina jina la Abdiel peke yake, na bila Abdiel hakuna mauzo.

Mnunuzi alipatikana kwa jasho la Tekla. Lemburis, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kisongo, alifika na shuka lake begani, akagonga kuta, akafungua mabomba, akaipenda. Ndiyo kwanza alikuwa ametaja bei, bei nono iliyomfanya Tekla atafute kiti, Mama Anande akaingia. Alikuwa jirani yao na kiongozi wa sala za mtaa.

"Karibu, mama! Huyu ametuletea mbuzi wa Krismasi," Abdiel akaropoka kabla hajaulizwa.

Lemburis akamgeukia taratibu. "Mbuzi gani, mzee? Mimi nimekuja kununua nyumba."

"Waarusha kwa utani!" Abdiel akacheka peke yake.

Uvumilivu ukamwishia Tekla.

"Si utani, Mama Anande. Tunadaiwa na benki. Nyumba inapigwa mnada wiki ijayo, na huyu baba ndiye wa kututoa."

Tekla akamtazama mumewe, akimsihi kwa macho aseme ndiyo, neno moja tu. Abdiel akamsogelea Mama Anande, akashusha sauti.

"Utusamehe, mama. Mwenzangu siku hizi kichwa hakijatulia. Ndiyo maana hamumwoni ibadani."

"Jamani! Pole sana, Mama Prosper," Mama Anande akamwambia Tekla, akaweka mkoba wake chini.

Lemburis akachukua fimbo yake. "Sinunui nyumba yenye ugomvi. Nikilipa leo, kesho mtasema nimewaibia mgonjwa."

"Baba, subiri! Mimi ni mzima!" Tekla akapaza sauti, na kadiri alivyopaza ndivyo alivyozidi kuonekana mgonjwa. Mkono wa Mama Anande ulikwisha kutua kichwani pake, macho yamefumbwa, anamwombea utulivu.

Abdiel akainamisha kichwa, akaitikia amina. Nje, gari la Lemburis likawaka.