Uzio wa Badibanga

Panga lilipozama katika shina la kwanza, majani yalitoa harufu kali kama ya dawa ya kikohozi. Nilikata hata hivyo. Watoto wa Mbelu, jirani yangu, walisimama ng'ambo ya barabara, wakinitazama kama watu waliofika kwenye matanga.

Uzio ule aliupanda marehemu mume wangu, Badibanga. Miche aliiomba kwenye bustani ya mkubwa wake wa mgodini. "Ni ya urembo tu," aliniambia. Kila mvua za kwanza ziliponyesha, ulivaa matunda mekundu yenye mifereji, kama maboga madogo ya kuchezea. Hatukuyala hata siku moja.

Badibanga alipofariki, nyumba ilibaki na redio, na bati moja lililogongwa na upepo. Mungu hakutujalia mtoto. Ndipo Chancelle, binti mkubwa wa Mbelu, akaanza kuja na wadogo zake wawili kila walipotoka shule. Walinisalimu, wakasimama pale, macho kwenye matunda.

"Mama Kapinga, hii inakuliwaka?"

"Mi sijue, mwanangu."

"Ndege banakulaka, na habakufake."

"Wewe ni ndege?"

"Kama nakula nitaruka, utaona."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikashtuka kukisikia kicheko changu mwenyewe.

Nikawa nangojea saa ya shule kufungwa. Lakini swali la mtoto halikuniacha. Nikiwakatalia, hawatakuja tena. Nikiwaruhusu, na kumbe ni sumu, nitamwambia Mbelu nini? Nikaona niyaonje mimi kwanza. Na katika kikundi chetu cha sala hatuingii jambo zito bila kufunga. Nilifunga siku tatu, kwa maji matupu. Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, kabla ya uji, kabla ya chochote, nilikula matunda kumi. Mengine hayakuwa yameiva vizuri.

Giza lilipoingia nilikuwa nimeinamia beseni, natapika.

Nikasema, Bwana amejibu. Asubuhi nikachukua panga.

Watoto hawakuwa tena na sababu ya kusimama kwangu. Walipita mbio. Mwaka uliofuata Mbelu alihamia Fungurume pamoja nao.

Juzijuzi tu, miaka minne baadaye, nilimkuta sokoni mama mmoja wa Sandoa na beseni limejaa matunda yale yale. Nikasimama mbele yake.

"Inakuliwa?" nikamuuliza.

"Ee mama, mi nimekomalisha batoto sita na hii, bote bazima. Ungoje tu ikuwe nyekundu sana. Na usikule na njaa, inachomaka tumbo."

Nilirudi bila kununua kilichonipeleka. Mungu sikumlaumu. Yeye hakusema neno siku ile. Lililosema ni tumbo langu.

Kuna kisiki kimoja kilichonishinda kung'oa. Kilikuwa kimechipua zamani, nami nilikuwa nakipita tu. Mwaka huu kimezaa. Jana nilikula kwanza bukari, ugali wetu, na samaki, nikashiba. Kisha nikachuma saba, yale yaliyokolea wekundu. Nikakaa kwenye kiti cha Badibanga, nikayala, nikangoja saa nzima, halafu nyingine.

Ni matamu. Yana ukali kidogo mwishoni.

Yaliyobaki mtini nimeyachuma leo, nimeyaweka kwenye sahani, juu ya jiwe la kando ya barabara, nimeyafunika kwa kitambaa. Saa ya watoto kutoka shule imefika. Ndege wanazunguka.