Chapati za Alhamisi

Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka London, yale yasiyomlowesha mtu kwa mara moja bali humwingia polepole mpaka mifupani. Zipporah alishuka kwenye basi pale Peckham, Biblia mkononi, kitabu cha hisabati kifuani ndani ya koti. Biblia ilikuwa imeshazoea mvua.

Njia nzima kutoka Wembley alikuwa akiomba kimoyomoyo. Hakuomba nguvu za kufanya hesabu. Hesabu sasa alikuwa akiziweza. Aliomba nguvu za kukataa.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni alikuwa na mtihani. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu majumbani mwao, na alitaka kusomea uuguzi kabla magoti hayajamgomea. Chuo kilimtaka afaulu hisabati kwanza. Mara mbili alijiandikisha kwenye madarasa ya jioni, na mara mbili mtihani ulimpita akiwa jikoni kwa watu, akisukuma chapati za matanga. Mwalimu wake, Jaswant, mama wa Kisikh aliyezaliwa Nakuru na ambaye bado alikuwa na Kiswahili cha sokoni kule, hakumung'unya maneno.

"Mama, asilimia nimefundisha wewe mara mbili. Safari hii utafanya mtihani ama hapana?"

"Nitafanya, mwalimu."

"Usiambie mimi. Ambia hao watu ya chapati."

Katika ushirika wao, kanisa la watu wa Afrika Mashariki hapo Peckham, mtu akifiwa, hata kama maiti iko Kenya, watu hukusanyika kwake kila jioni kuomba mpaka siku ya mazishi. Wanaume hukaa sebuleni, wakisoma Neno na kupanga mambo. Wanawake huingia jikoni, na huko kiongozi ni Zipporah. Hakuna aliyewahi kumchagua. Chapati zake zilikuwa laini, basi.

Ibada ilipokwisha, Mzee Douglas, katibu wa kanisa, alisimama na kukohoa kidogo. Ndugu yao Kibet, dereva wa basi, alikuwa amefiwa na mama yake huko Kericho, habari ambayo Zipporah alikuwa ameisikia tangu jana yake. Mazishi yangekuwa Jumamosi.

"Maombi yanaanza kesho jioni nyumbani kwa Kibet," alisema. "Jikoni, kama kawaida, Mama Shiku atatuongoza."

Watu walisema amina. Zipporah, maana Mama Shiku ndiye yeye, alihisi amina ikimpanda kooni na yeye, kwa mazoea tu. Aliimeza, akasimama.

"Mzee Douglas, Alhamisi sitakuwepo."

Gladness, rafiki yake kutoka Moshi, alimvuta sketi. "Jamani shoga, kaa chini. Hapa kuna msiba."

"Nina mtihani."

"Mtihani! Mjukuu wako ndiyo kwanza kaanza shule, na wewe unaanza naye? Mtashonewa sare pamoja?"

Waliokaa nyuma walicheka. Zipporah naye alikaribia kucheka.

"Mama," Douglas alisema kwa upole, "hesabu zitangoja. Msiba haungoji."

Bwana, alisema moyoni, usiniache hapa peke yangu. Kisha akafungua mdomo.

"Jumapili iliyopita mliniita hapa mbele. Wewe mwenyewe, Mzee, uliniwekea mkono kichwani, ukamsihi Mungu anifungulie mtihani wa Alhamisi. Uliutaja kwa siku yake. Mkono ulikuwa mzito mpaka wigi langu likasogea." Watu walicheka tena, lakini yeye hakucheka. "Leo unanipangia chapati siku hiyo hiyo. Sasa nauliza, Mungu ashike maombi yapi?"

Zipporah alimgeukia Kibet. "Ndugu yangu, nisamehe. Kesho nitakuja, na siku nyingine zote nitakuja. Mama yako nitamlilia. Lakini kila msiba, sebule inajaa wanaume wazima wanaongoja chai. Kwani mikono yao ina nini?"

"Ndiyo desturi yetu, mama," sauti ya mwanamume ilisema kutoka pembeni.

"Desturi ni sawa. Lakini kwenye amri kumi sijaiona."

Kibet aliinuka taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu. Mfiwa akisema hakatizwi.

"Mama alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini. Nikimwambia nimepika mwenyewe, anacheka, haamini. Tangu nije nchi hii najipikia. Wageni wakija ndipo najifanya sijui sufuria iko wapi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Alhamisi nitapika mimi."

"Hapana," Douglas alisema haraka. "Mfiwa hapiki."

"Basi pika wewe, Mzee."

Douglas alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akairudisha usoni. Alimtazama Kibet, kisha Zipporah, na mkono wake wa kulia ukapanda kidogo, kama mtu anayekumbuka ulipowekwa wiki iliyopita.

"Chapati siziwezi," alisema hatimaye. "Wali naujua."

"Mimi nitasimama mlangoni nikuone!" Gladness alidakia, na vicheko vilivyofuata vilimfikia hata Kibet. Kisha Gladness akamgeukia Zipporah, sauti ikashuka. "Na wewe shoga, usije ukatuchezea. Nakujua. Ukisikia harufu ya vitunguu vinaungua utakuja mbio."

Ilikuwa kweli. Mara ngapi alikuwa amemwahidi Mungu, magoti kwenye zulia, mlango umefungwa, na asubuhi akapokea simu na kusema ndiyo, nakuja? Alimkumbuka Jaswant: ambia hao watu ya chapati. Akatembea mpaka mbele, pale pale walipomwombea, akainua mkono.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi mnaonisikia. Alhamisi saa kumi na mbili nitakuwa nimekaa kwenye mtihani, simu imezimwa. Wali uungue, nyumba ijae moshi, mimi sitainuka mpaka nimalize."