Weupe wa Upande wa Juu

Mama alinipigia simu nikiwa nimelala chali nyuma ya friji ya mteja. "Kaka yako ananiambia tumbawe la baba yenu limekuwa jeupe," akasema. "Likifa, namwaga tangi lote. Siwezi kukaa na sanduku la maji lisilo na mwenyewe."

Sikubishana naye. Mama akisema amesema. Tangi lile la kioo liko sebuleni kwake, na baba alilileta hilo tumbawe likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Alipofariki lilikuwa limeshapita sahani kwa upana, na mama, ambaye zamani alilisimanga kuwa ni mke mwenza, ndiye akawa mlezi wake. Huliamkia kila asubuhi. Mimi hunikumbuka kitu kikiharibika.

Nilifika mchana na mkoba wangu wa vifaa. Kaka, anayeishi naye, alikuwa kochini, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na hukumu ameshaitoa. "Uzee tu huo," akasema. Nilimtazama kwa jicho baya. Kwenye kazi yangu, uzee ni jibu la fundi mvivu. Mimi kwanza huuliza ni nini kimebadilika.

Tumbawe ni mnyama, hata kama ni gumu kama jiwe na limetulia kama ua. Rangi yake si yake. Ni ya mwani mdogo mno unaopanga ndani ya nyama yake, na kodi yake ni chakula. Mwani ukihama, mnyama anabaki mweupe, na njaa inamkalia kooni. Kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: nani kawafukuza wapangaji?

Nilianza na maji. Chumvi, sawa. Joto, sawa. Pampu inasukuma vizuri. Nikamgeukia kaka.

"Umepuliza dawa ya mbu humu?"

"Unanitafutia kesi?"

"Manukato je?"

"Humu hata kupiga chafya naombea ruhusa!"

Mama alicheka, akaja na chai. Akanimiminia huku kidole chake kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe, kisha akanipa sindano na uzi. "Hebu nitungie, mikono yangu ina mafuta." Nikatunga, akili yote iko tangini.

Nilipiga magoti, nikalichungulia tumbawe kutokea chini. Kwa chini lilikuwa la kahawia, limenona, vinywa vyake vidogo vimefunguka kwa raha zao. Weupe ulikuwa upande wa juu peke yake. Na pale kilipoangukia kivuli cha bomba la pampu, palikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama wa rula. Nilitaka kupiga vigelegele. Ubaya wa maji ungelizunguka tumbawe zima, haungechagua upande. Huu ulikuwa umetoka juu.

Nikainua macho kwenye taa. Baba alikuwa ameweka alama pembeni ya kitufe chake cha kuzungusha, tone la rangi ya kucha ya mama, ili mtu asizidishe mwanga. Kitufe kilikuwa kimeiacha alama mbali, kimefika mwisho kabisa.

"Kaka!" nikafoka.

"Sijaigusa! Mimi hiyo taa inaniumiza macho, unadhani kofia hii nimevaa kwa urembo?"

"Ni mimi," mama akasema. "Taa imechoka. Nimekuwa nikiiongeza kidogo kidogo, maana tumbawe lilikuwa linapotelea gizani."

Nikamweleza kwamba kwa chini tumbawe bado lina rangi yake, ila kwa juu mwanga umeuzidi ule mwani, ukakimbia. Nikakirudisha kitufe chini kidogo ya alama. "Tumbawe liko hai, mama. Tukilipunguzia mwanga, rangi inaweza kurudi polepole." Nilifurahi kwa kweli, na nilitaka kusifiwa.

Mama alisogea karibu nami, akainama hadi pua yake ikagusa kioo. Sebule bado ilikuwa inang'aa. Kutoka pale nilipokuwa niliweza kusoma maandishi madogo ya kwenye pampu.

"Sasa mbona umeizima?" akauliza.

Kaka akavua kofia. Mimi nikaangalia kikombe changu, nikaangalia na ile sindano.

"Mama," nikasema, "taa inawaka."

Mkono wake ukapapasa kioo, ukaupata ukingo, ukashika. "Nilidhani ni taa," akasema. "Wallahi, nilidhani ni taa."

Nikamshika kiwiko. Niliogopa, na sikumficha. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wa macho. Mimi, wewe na huyu wa kofia."

"Na tangi?"

"Halimwagwi. Mgonjwa wa humo ameshapata fundi."

Alivuta kiti, akakaa, magoti yake yakigusa meza ya tangi. Kisha akaniambia, "Basi nieleze lilivyo. Usianzie kwenye weupe, huo nimeshausikia. Anzia chini, kwenye rangi."

Nikapiga magoti tena, nikaanza kumweleza.