Gari la Mkwe

Breki za gari la Abdulatifu zilisikika kabla gari lenyewe halijatokeza kwenye minazi. Zililia chuma kwa chuma. Mshamu, aliyekuwa amekaa barazani na kanzu yake ya Idi tangu asubuhi, akajua kwamba wageni wake wamefika na kwamba pedi za mbele zimekwisha.

Alikuwa mgane. Nyumba yake iko Kibiti, kidogo nje ya mji, upande wa barabara ya kwendea Mloka. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori, akipeleka korosho na ufuta Dar es Salaam, hadi macho yalipoanza kumsumbua akaacha. Yasmini ndiye binti yake wa pekee. Aliolewa na Abdulatifu, karani wa bandarini, wakahamia Mbagala.

"Mke wangu kaja!" Mshamu alimwita mjukuu wake, Mwanaamina, aliyerithi jina la bibi yake. Mtoto akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Hawakuwa wameonana tangu Idi ya kuchinja, na kwa mtoto mdogo kama yeye huo ni muda mrefu.

"Shikamoo, baba," Abdulatifu alisema, funguo mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Breki zako zinalia."

"Najua, mzee. Wiki hii nitalipeleka gereji."

Walikula pilau aliyoipika jirani, wakaongea habari za mvua na za bei ya sukari. Kisha maneno yakaisha. Abdulatifu akaangalia simu yake. Yasmini akaanza kukusanya vyombo akisema afadhali waondoke mapema, foleni ya kuingia mjini siku za sikukuu ni balaa.

Mshamu akasimama. "Na breki hizo? Na mtoto ndani? Hapana. Pedi zinauzwa hapo stendi. Kazi ya saa moja tu, halafu mwende zenu salama."

"Mzee, usijisumbue."

"Nimefunga breki za malori, mwanangu, sembuse kigari hiki."

Abdulatifu alimtazama mkewe. Yasmini akainua mabega. Basi mkwe akapanda bodaboda kwenda kununua pedi, na Mshamu akavua kanzu, akavaa suruali yake ya zamani, akatoa sanduku la spana chini ya kitanda. Mikono yake ilikuwa myepesi, na kifua kimejaa furaha ambayo hakuisikia siku nyingi. Saa moja, labda na nusu. Yasmini angechemsha chai. Mtoto angemzoea.

Tairi la kwanza lilitoka vizuri. Akafungua kalipa, kile chuma kinachozikumbatia pedi, akatoa pedi za zamani, akaweka mpya. Mwanaamina alikuja kuchungulia, akauliza kwa nini gari limevuliwa kiatu. Mshamu akacheka mpaka akakohoa.

Upande wa pili bolti ya chini ilikataa. Kutu ilikuwa imeishika. Akaimwagia mafuta ya taa, akasubiri, akajaribu tena. Haikusogea. Akachukua kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi.

"Baba, si tungeita fundi?" Abdulatifu aliuliza taratibu.

"Inakuja hii."

Akavuta kwa uzito wake wote. Ikasikika *ta!* na Mshamu akaangukia matako. Kichwa cha bolti kilikuwa mkononi, ndani ya spana. Mwili wa bolti ulibaki umezama ndani ya chuma.

Alipojaribu kuing'oa kalipa kwa bisibisi ili aone vizuri, ikamponyoka, ikaning'inia kwenye mpira wake wa kupitishia mafuta. Mpira ulikuwa mkavu kwa uzee. Ukapasuka pale unapoungana na chuma, na mafuta ya breki yakaanza kudondoka mchangani, tone baada ya tone.

Mshamu alikaa palepale chini akiutazama ule mpira. Alitamani Abdulatifu amkaripie, lakini mkwe alikuwa mtu wa adabu.

"Si kitu, mzee," alisema. "Imeshatokea."

Jioni ile walipanda basi. Mshamu aliwasindikiza mpaka stendi akimbeba mjukuu, aliyekuwa ameanza kusinzia begani kwake. Aliahidi kulitengeneza gari yeye mwenyewe, kila kitu. Yasmini alimwambia asiwaze, akachukua mtoto, akapanda. Kioo cha basi kilikuwa cheusi, hakumwona tena.

Kwa hiyo gari likabaki uani, upande mmoja umekalia mawe.

Kesho yake Mshamu aliifungua kalipa pamoja na chuma kinachoishikilia, akavifunga kwenye kiroba, akapanda basi kwenda Ikwiriri. Huko yupo mchomeleaji anayeitwa Gharibu, wanafahamiana tangu enzi za malori. Gharibu alichomelea nati juu ya kisiki cha bolti, akaacha ipoe kidogo, akaizungusha kwa spana. Ikatoka kama imeombwa radhi.

"Ungekuja kwangu mapema," Gharibu alisema.

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini, na wewe umestaafu?"

Mshamu akairudisha kalipa kwenye kiroba.

Mpira wa gari lile haukupatikana Ikwiriri wala Kibiti. Abdulatifu akautafuta Kariakoo, akautuma kwa basi, lakini ulikuja wa gari jingine. Ukarudishwa, ukatumwa mwingine. Siku zikawa zinakwenda, na kila siku jioni simu ya Mshamu ikawa inalia.

"Baba, vipi gari?"

Akieleza habari za bolti na mpira, Yasmini humsikiliza. Kisha humpa simu Mwanaamina, naye huuliza kama gari limeshavaa kiatu. Wakati mwingine Abdulatifu mwenyewe hupiga, huuliza hili na lile, na mazungumzo hutoka kwenye breki yakaingia kwenye habari za bandarini, au za jirani yao mwenye mbuzi wasumbufu. Kabla ya hapo Yasmini alikuwa akipiga Ijumaa tu, baada ya swala: hujambo, sijambo, haya. Sasa Mshamu aliwahi kula, akaoga, akakaa barazani na simu mapajani, akingoja.

Mpira wa pili ulifaa. Aliufunga, akarudishia kalipa na bolti mpya, akajaza mafuta ya breki. Jirani akamsaidia kukanyaga pedali huku yeye akitoa hewa kwenye mabomba, mpaka pedali ikawa ngumu inavyotakiwa. Akaliwasha gari, akalipeleka polepole hadi barabarani na kurudi. Breki zilishika vizuri, bila sauti yoyote. Ilikuwa Jumanne, kabla ya adhuhuri.

Jioni simu ikalia.

"Baba, vipi gari?"

Alifungua mdomo kusema limekwisha. Nyuma ya sauti ya Yasmini alimsikia Mwanaamina akipiga kelele, nipe mimi, nipe mimi niongee na babu.

"Bado kidogo," alisema. "Kuna kidude nakisubiri."

Siku ya pili akasema vilevile. Siku ya tatu akasema mvua imemzuia, na kweli ilikuwa imenyesha, ingawa gari lilikuwa limeshasimama kwa miguu yake yote, safi, limeoshwa. Jioni hizo, kabla ya simu, alizoea kwenda kukaa ndani yake. Hakukaa kwenye usukani. Alikaa kiti cha nyuma, penye chenga za biskuti na kibanio chekundu cha nywele za mtoto. Mvua ilipiga bati la gari, naye alikaa humo mpaka vioo vikafanya ukungu. Aliona haya, lakini hakutoka.

Hakukusudia iende hivyo siku nyingi. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema.

Kisha Abdulatifu akapiga simu mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kupiga.

"Mzee, samahani kukusumbua. Nataka kujua tu, gari bado sana? Mwanaamina jana ameungua mguu kwenye ekzosi ya bodaboda, alipokuwa akishuka shuleni. Si sana, ameshafungwa dawa. Lakini kwa mvua hizi na bodaboda, tumechoka. Kama kuna tatizo, nimlete fundi kutoka huku."

Mshamu alishika nguzo ya baraza.

"Gari limekwisha," alisema.

"Alhamdulillahi. Limekwisha leo?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Limekwisha tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

Zikasikika honi za mjini, na mtu akiita abiria wa Tandika.

"Sawa, mzee," alisema mwishowe. "Namtuma dereva mmoja, Hemedy, kesho alifuate."

"Naweza kulileta mwenyewe."

"Hapana, mzee. Macho yako yale na barabara hii. Hemedy atakuja."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mshamu alikaa mpaka usiku akiitafuta hasira katika maneno yale ili apate pa kuombea msamaha, asiione.

Hemedy alikuwa mtu wa makamo, mpole, dereva wa kazi za kukodiwa. Alifika asubuhi, akaamkia, akakataa chai. Kisha akatoa jeki.

"Samahani, mzee wangu. Nimeambiwa nihakikishe breki kabla sijaingia barabarani."

"Hakikisha."

Mshamu alisimama kando, mikono nyuma, akimtazama mtu mwingine akifungua tairi alilolifunga yeye. Hemedy aliingiza kichwa, akatikisa hiki na kile, akaupapasa mpira mpya.

"Kazi nzuri," alisema. Mshamu aliitikia kwa kichwa. Ile sifa haikumsaidia kitu.

Alipakia nazi, mchele wa Ikwiriri na mfuko wa korosho alizozikaanga mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa. Gari likatoka uani, likapunguza mwendo kwenye kona, likasimama kupisha ng'ombe. Halikulia. Likapotea.

Usiku ule hakuutegemea mlio wa simu, lakini Yasmini alipiga. Hakuuliza habari ya gari.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Mguu wa mtoto unaendeleaje?"

"Unapoa. Nijibu, baba."

Mshamu alikohoa. "Mlikuwa mnapiga simu kila siku."

Sauti ya Yasmini ikashuka. "Mimi nilidhani hupendi simu. Kila nikipiga unasema haya, haya, halafu unakata. Hata sijamaliza."

"Nilikuwa nawaokolea vocha."

"Vocha!" alisema, akataka kucheka, kicheko kikakwama. "Tungempeleka mtoto shule kwa gari, baba. Siku zote zile."

"Najua. Niwieni radhi. Mwambie na mumeo."

"Hajakasirika sana. Amenyamaza tu."

"Ndiyo hasira hiyo hiyo," Mshamu alisema.

Wiki ile Yasmini alipiga mara nyingi. Iliyofuata akapiga mara mbili. Baadaye ikarudi Ijumaa kwa Ijumaa, maana ana kazi, ana mtoto, ana nyumba, na Mshamu hakumlaumu. Uani palibaki doa jeusi la mafuta ya breki ambalo kuku walilikwepa. Alilifukia kwa mchanga.

Jumatatu moja, baada ya magharibi, alikaa barazani akisikia televisheni ya jirani kupitia ukuta. Akaichukua simu, akalitafuta jina la Yasmini kwa shida, skrini karibu na pua. Hakuwahi kumpigia bila sababu. Moyo ulimwenda mbio kama mtu anayekwenda kuposa.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna nini basi?"

"Hakuna kitu. Napiga tu."

Yasmini alikuwa njiani, kelele nyingi. Alisema, "Niko kwenye foleni, baba, sikusikii vizuri. Nikifika nyumbani nitakupigia."

"Haya," alisema Mshamu, kisha akajisahihisha haraka. "Sawa, mwanangu. Nipo, nakungoja."

Alikaa mpaka mbu wakamfukuza ndani, akasali isha, akala ugali wa mchana na dagaa. Simu ililia akiwa amekwishapanda kitandani. Hawakuwa na habari za maana. Yasmini alimwambia huko mvua imekatika, naye akamwambia kwake bado inanyesha, na hakuna aliyekata haraka.