Muhuri Wenye Mkwaruzo

Safta alipenda kusema kwamba Mungu alipotaka kuumba mikono ya watu, alianza na yake, ndipo akajua mikono ifanyweje. Kisha aliongeza mwenyewe, kabla hujamcheka, kwamba kichwa alitiwa jioni sana, kwa mabaki yaliyookotwa sakafuni.

Mikono hiyo ndiyo iliyokanda mkate wa madhabahu pale kijijini Valea Seaca tangu alipofiwa na mumewe. Kazi hiyo hapewi kila mtu. Hupewa mjane aliyepatana na wote, na siku ya kukanda huoga, hufunga kitambaa safi, huwasha mshumaa, wala hasemi neno ila sala mpaka mkate uingie tanuri. Juu ya kila mkate hupiga muhuri wa mti wenye msalaba na herufi za jina la Kristo. Muhuri wa Safta aliuchonga mumewe, marehemu Toader, kwa mti wa peasi, zamani za mjane aliyemtangulia. Kisu kikamponyoka, kikaacha mkwaruzo ubavuni mwa msalaba. Safta alimtania mpaka anazikwa, kwamba Bwana Yesu alikuwa na makovu ya kutosha, hakuomba lingine.

Kisha Ilinca, binti yao wa pekee, aliyekwenda Italia kuuguza wazee wa watu, akarudishwa ndani ya jeneza. Majirani walilia. Safta alinyamaza. Jumamosi iliyofuata alikanda kama kawaida, na waliomwona walidhani anashika desturi. Lakini hata sala hakusema. Hakuwa na la kumwambia Mungu. Na mikono, kama iliyokuwa ikingoja ruhusa, ikaanza kutetemeka.

Ndipo alipomwuliza Padri Visarion, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, yeye aliumbwa kwa kazi gani. Kama ni kuzaa, mtoto ametwaliwa. Kama ni mkate, mikono nayo inaaga.  Padri alisema Mungu hakuumba watu kwa kupungukiwa vibarua. Alimpenda Safta kabla hajampa mikono, akamfinyanga ili amjue na kukaa karibu naye. Mkate ulikuwa shukrani tu.

"Basi niliumbwa nikae bure," Safta akasema, "kama paka wako."

"Paka wangu akiitwa huja, Mama Safta."

Safta akamjibu kwamba paka huyo hajazika mtoto. 

Aliendelea kukanda kwa sababu ya arobaini ya Ilinca. Siku hiyo padri angemega chembe ya mkate kwa jina la marehemu na kuiweka madhabahuni, na Safta alitaka chembe hiyo itoke mikononi mwake. Hakuwa na jambo jingine la kumfanyia mwanawe. Ila mikate ilikuwa ikitoka tanurini imepasuka, msalaba umekwenda upande, na mkate wa hivyo haupelekwi madhabahuni. Kila wiki alimwuliza padri kama wake umefaa, na kila wiki padri alisema umefaa.

Jumamosi ya kuamkia arobaini, mikono ikiwa ndani ya unga, neno moja likamtoka kinywani: Ilinca. Akalirudia mpaka donge likalainika. Kama ilikuwa sala, hakujua.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, alipanga foleni na wengine kupokea kipande cha mkate uliobarikiwa. Chake kilikuja na nusu ya alama. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Msalaba ulikuwa umenyooka vizuri, na palepale pa kisu cha Toader palikuwa laini, hapana mkwaruzo.

Alingoja watu watoke. Akamwuliza padri ni mkate wa nani uliotajiwa jina la Ilinca.

"Wako, mama."

Safta akafungua kiganja. Padri akakitazama kipande, masikio yakamwiva. Akakiri kwamba wiki zote hizo mkate ulitoka kwa watawa wa mjini, na ule wa Safta alikuwa akiula mwenyewe nyumbani kwake, wote, maana hakuweza kuutupa.

"Ulinihurumia," Safta akasema. "Na huruma yako imemnyima mwanangu mkate wa mama yake."

Akamwambia kwamba tangu leo yeye na Mungu hawana shughuli tena. Mtu haendi kwa mwenye nyumba mikono mitupu. Muhuri atautia motoni.

Hakuutia. Alishinda nao ndani ya mfuko wa aproni, kidole kikipapasa ule mkwaruzo. Watawa waliwahi kumtolea muhuri mpya, ulionyooka, na yeye akaukataa kwa matusi. Alilikumbuka hilo zaidi ya mara moja, na kila alipolikumbuka alitafuta kazi nyingine ya kufanya.

Jioni moja alikuwa akimenya viazi kengele ya sala ikalia. Ilimwita kama ilivyowaita wote, bila kuuliza nani amebeba nini. Safta akaviacha viazi ndani ya maji.

Padri alimkuta kanisani, amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono ikitetemeka, midomo ikicheza. Akamsogelea taratibu, akamwuliza kilichomleta.

"Nimefuata muhuri wangu," Safta akasema bila kumtazama. "Nadhani niliusahau hapa siku ile."

Mpini wa muhuri ulikuwa umechomoza mfukoni mwa aproni, na padri alikuwa ameshauona.