Sukari Iliyokuwa Begani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, mkandaji alipoliacha bega la kulia akagusa la kushoto.

Kwa miaka sita wapagazi wote wa ghala la sukari walikuwa wakikandwa bega la kulia, kwa sababu fomu zao ziliandikwa hivyo. Daktari wa kampuni alikuwa akiwapima wamesimama mbele yake, uso kwa uso. Alipoona bega limevimba upande wa mkono wake wa kulia, aliandika "kulia". Hakuna aliyemsahihisha. Yeye kasoma, wao wanabeba.

Chumba cha masaji kilikuwa nyuma ya choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na kitanda cha mbao chenye tundu la kuingizia uso, taulo mbili, jiko la umeme la kuchemshia mawe, na bango kutoka ofisini. Bango lilisema masaji hupunguza maumivu, huondoa mawazo, huleta usingizi na husaidia damu kuzunguka. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, lilisema masaji huongeza kasi ya kupakia.

Aliyelala kitandani siku hiyo ni mpagazi mkongwe waliyemwita Kreni. Alikuwa na miaka thelathini na moja kazini na alitaka kitu kimoja tu: kiti cha getini, afungue na kufunga geti mpaka astaafu, kabla mgongo haujamkunja moja kwa moja. Mjukuu wake wa miaka mitatu kila siku alimwambia, "Babu, nibebe," na kila siku alimwambia asubiri kidogo. Kiti kilikuwa wazi. Lakini daktari aliandika kwamba mgongo hauna kitu, na meneja, ambaye kiti chake mwenyewe kilikuwa cha kuzunguka, alisema kiti cha getini ni cha wagonjwa wenye ushahidi.

"Mama, hilo silo," Kreni alisema kutoka kwenye tundu. "Linaloniua ni la huku."

"Fomu inasema kulia, mzee wangu."

"Fomu imewahi kubeba gunia?"

Mkandaji akafikiri, akaona haijawahi.

Akahamia bega la kushoto, akaanza na masaji ya mafuta, ile ya kupapasa taratibu ili mwili ulegee. Likatoka vumbi jeupe, tamu. Akaingia kwenye masaji ya kina, ya kiwiko, inayokifuata kifundo mpaka chini ya misuli. Ngozi ikatuna kama foronya inayovalishwa mto, na gunia la sukari la kilo hamsini likatoka chini ya bega, kona moja kwanza. Mshono wake ulikuwa mzima, na mhuri wake ulikuwa wa mwaka aliooa Kreni.

"Limetoka," mkandaji alisema.

"Nimesikia pamepungua. Yapo mengine?"

Yalikuwepo. Masaji ya mawe ya moto ilitoa yale yaliyogandamana tangu mvua za zamani. Masaji ya nyayo ilitoa zile mbao za kupandia lori, moja baada ya nyingine, ikabidi ziegeshwe ukutani. Alipomkanda kichwa hakikutoka kitu, isipokuwa sauti ya msimamizi ikisema, "Twende, twende, mmelala?" Mkandaji akaifungulia dirisha. Wapagazi wawili waliokuwa wakinywa maji nje wakaweka vikombe chini, wakakimbilia lori.

Kreni hakuona ajabu. Marehemu mkewe alikuwa akimkanda kila jioni kwa taulo na maji ya moto, kisha anazoa sukari shukani kwa kikombe, anaimimina kwenye kopo, anazima taa. Nyumba ile haikununua sukari hata siku moja. Tangu mama yule azikwe, miaka minne sasa, mzigo ulikuwa unaingia tu.

Kufikia saa saba magunia yalikuwa kumi na tisa. Mpagazi mwenzake, waliyemwita Nusu Tani, alichungulia mlangoni.

"Kaka, kiti chako kile kule," alisema. "Daktari si alisema mgongo hauna kitu?"

"Alisema."

"Basi mwite aje akalie kitu."

Wakubwa walikuja watatu: meneja, afisa utumishi na daktari. Daktari alizunguka kitanda mara mbili, akaliona kosa lake, akakata neno "kulia" kwenye fomu na kuandika "lile jingine". Meneja alichovya kidole kwenye gunia, akalamba.

"Hii ni yetu," alisema.

Walikaa kikao siku hiyo hiyo, pale pale chumbani, Kreni akiwa amejifunga taulo. Afisa utumishi alisoma uamuzi. Mzee amekuwa akitunza mali ya kampuni bila kibali, ila kampuni ina huruma, imemsamehe. Mgongo wake umeandikishwa kuwa stoo namba nne. Stoo haihamishwi kupelekwa getini. Kiti amepewa shemeji wa meneja, kijana ambaye mgongo wake haujawahi kubeba hata mwavuli. Na magunia yarudishwe ghalani, ayarudishe mwenyewe maana ndiye anayeyajua.

Kreni akayarudisha yote kumi na tisa, kwa bega la kushoto. Ilipofika Ijumaa yalikuwa yamekwisha kuingia tena.

Sasa wapagazi wote hukandwa kila Jumanne, kwa zamu, bega lile jingine. Nusu Tani hutoa magunia saba, na mara moja alitoa toroli. Magunia hurudishwa ghalani kwa mabega yale yale. Meneja huwaambia wageni kwamba kampuni inajali afya za watu wake, na wageni huonyeshwa kitanda. Ukweli usemwe, masaji inasaidia. Jumanne jioni Kreni humnyanyua mjukuu wake mpaka juu ya kichwa, na mtoto hugusa dari kwa viganja vyote viwili. Jumatano mchana humwambia asubiri kidogo.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi meneja aliuliza kama kuna mwenye la ziada. Kreni akasimama, akashika meza.

"Nina swali dogo, bosi. Mmesema mgongo wangu ni stoo ya kampuni."

"Ndiyo, mzee. Imeandikishwa."

"Sawa. Marehemu mama watoto alizikwa kule juu, na pembeni yake nimeachiwa nafasi. Sasa siku yangu ikifika, nitazikwa na mgongo, au mtabaki nao?"

Meneja akamtazama afisa utumishi. Afisa utumishi akamtazama daktari. Daktari akaomba kwanza aelezwe ni upande gani. Swali likaandikwa kwenye karatasi ya kikao, chini kabisa, kwenye mengineyo, na mpaka leo hakuna aliyelijibu.